Namna ya kufanya mfumo wa usajili, Moodle na zana za nje zipeane data bila mtu kunakili kwa mkono

Kama uko kitengo cha TEHAMA kwenye chuo chochote cha hapa kwetu hali hii unaijua vizuri. Kuna mfumo wa usajili uliotengenezwa na kampuni fulani au na kijana aliyesoma hapohapo chuoni, kuna Moodle, yaani mfumo wa masomo mtandaoni, iliyosimikwa kipindi cha corona ikabakia, afu kuna zana ya tatu ambayo wakufunzi wameipenda wenyewe, labda ya mazoezi au ya video au maabara ya mtandaoni, na hizi tatu hazijuani kabisa. Kwahiyo kila semesta ikianza mtu anakaa na Excel anaingiza majina, semesta ikiisha mtu mwingine anakaa na Excel anahamisha maksi za CA (kazi na majaribio ya ndani ya semesta), na mwanafunzi ambaye jina lake limeandikwa tofauti sehemu mbili ndo huyo maksi zake hazionekani mpaka aje kupiga foleni ofisini na matokeo yashatoka. Hili suala linaniuma kwelikweli, kwa sababu njia ya kulimaliza ipo, haina malipo ya leseni, na ipo miaka mingi tu.

Njia yenyewe ni viwango vya pamoja, yaani makubaliano ya kiufundi kwamba mfumo wowote ukitaka kumwambia mwenzie "huyu ni nani, yuko darasa gani, kapata ngapi" unasema kwa namna moja inayojulikana. Nitaelekeza kwa kutumia Moodle maana ndo imejaa vyuoni kwetu, ila mfumo mwingine wowote unaofuata viwango hivihivi hatua ni zilezile, majina ya vitufe tu ndo yatabadilika.

Viwango viko vingi na watu wanavichanganya, basi tuviweke sawa haraka. OneRoster kazi yake ni orodha, nani yupo, anasoma nini, anafundishwa na nani. LTI kazi yake ni kumtoa mtu ndani ya Moodle kumpeleka kwenye zana ya nje bila kulogin upya, na kurudisha maksi zake. Hivi viwili vinasimamiwa na IMS Global, ambayo tangu 2022 inaitwa 1EdTech. xAPI ni ya kurekodi matendo, kwamba fulani kaangalia video hii, kamaliza zoezi lile. SCORM ni ya kufungasha somo zima kwenye zipu unaliweka ndani ya LMS, yaani mfumo wa masomo kama Moodle. Hizi mbili za mwisho zimetoka kwenye mradi wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na SCORM 1.2 ya mwaka 2001 mpaka leo utaikuta inatumika kila kona. Huhitaji vyote. Chuo cha kawaida kikiwa na OneRoster na LTI 1.3 zimekaa vizuri, shida nyingi sana zinaisha, hivyo nguvu zangu nitaziweka hapo.

Ila kabla hujagusa kiwango chochote, ID kwanza

Naomba hapa usiruke. Watu wanakimbilia kwenye API (njia ya programu moja kuongea na nyingine) na tokeni (kitambulisho cha muda cha kidijitali) wakati kinachovunja miunganisho mingi ni kitu cha kizamani kabisa, mifumo miwili haijakubaliana mwanafunzi anatambulikaje. Kiwango kitabeba data yako kwa uaminifu kabisa, ila kama ID ni mbovu kitakubebea huo ubovu kwa kasi kubwa zaidi.

Usimtambue mtu kwa jina. Hilo kila mtu anasema analijua afu akishakwama na faili analinganisha kwa jina. Angalia majina yetu, mtu ana jina lake, la baba, la babu, cheti cha form four kina matatu, kwenye fomu kaandika mawili, na mfumo wa kizungu unataka la kwanza na la mwisho basi. Akina Ng'wandu na Ng'homa ndo wanapata tabu kuliko wote, maana ile alama ya ng' ukiichapa kwenye kompyuta mara nyingi inatoka imesimama, ukiichapa kwenye baadhi ya simu inatoka imepinda, kwa macho ni ileile ila kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, basi mfumo unaona watu wawili. Na mfumo ulioandikwa hovyo ikikutana na hiyo alama kwenye databesi unakata jina hapohapo au unatoa kosa.

Usimtambue kwa namba ya simu pia. Laini zinabadilika, wengine wanatumia ya mzazi, na ukifungua lile faili kwenye Excel sifuri ya mbele inaondoka. Ukiandika kwa 255 ndo balaa, namba yenye tarakimu 12 Excel inaionyesha kama 2.55713E+11 na ukihifadhi CSV (faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa koma) ikiwa hivyo, basi, namba imeshapotea, hairudi.

Namba ya usajili je? Wengi wanaikimbilia na inaonekana ndo jibu, ila ina mambo mawili. Moja, mwanafunzi akihama kozi vyuo vingi vinampa namba mpya, kwahiyo mtu yuleyule anakuwa wawili na historia yake inakatika. Pili, namba zetu zina mikwaju, kitu kama DCM/2024/0117, na mifumo inayoongea kwa API inaweka ID ndani ya anwani ya wavuti, ambako mkwaju maana yake ni folda nyingine. Utaambiwa iandike kama %2F, namna wavuti inavyoandika mkwaju, sawa, lakini seva ya Apache ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida inakataa hiyo %2F na kukurudishia 404, yaani hakipatikani, utatafuta mtumiaji ambaye yupo na hutamwona.

Kwahiyo fanya hivi: mfumo wa usajili umpe kila mtu ID ya ndani isiyo na maana yoyote, herufi na namba tu, isiyobadilika hata akihama kozi, hata akiolewa akabadili jina, hata akiahirisha mwaka akarudi. Tuseme u-8f3a21. Hiyo ndo itasafiri kwenye mifumo yote. Namba ya usajili ibaki kama taarifa ya kawaida ya kusomwa na binadamu. Fanya vivyo hivyo kwa kozi na madarasa.

Afu kaeni mezani, TEHAMA, ofisi ya usajili na taaluma, mkubaliane nani mwenye neno la mwisho kwenye nini, na muandike. Majina na nani yuko kozi gani, mwenye neno ni mfumo wa usajili, Moodle inapokea tu, mkufunzi asimwongeze mtu kwa mkono hata kama anamuonea huruma. Maksi za mazoezi, mwenye neno ni Moodle. Matokeo ya mwisho yaliyopitishwa, yanarudi usajili. Kitu kimoja kikiwa na wenyewe wawili mtagombana kila semesta.

OneRoster, anza na CSV

OneRoster ina njia mbili, API na mafaili ya CSV. Ushauri wangu anza na CSV, hasa kama mfumo wenu wa usajili umeandikwa na mtu mmoja, maana kutoa mafaili ni kazi ndogo na kosa unaliona kwa macho.

Ni zipu yenye mafaili yenye majina maalum. manifest.csv inaeleza kilichomo, orgs.csv ni chuo na idara, academicSessions.csv ni mwaka na semesta, courses.csv ni kozi, classes.csv ni darasa halisi la semesta hiyo, users.csv ni watu, enrollments.csv ni nani yuko darasa gani kwa nafasi gani. Kozi na darasa usivichanganye, kozi ya Anatomia ipo miaka yote, darasa ni Anatomia ya semesta hii mkondo A. Mstari wa mtu kwenye toleo la 1.1 unakuwa hivi:

u-8f3a21,,,true,chuo-01,student,neema0117,,Neema,Hassan,Juma,DCM/2024/0117,,,,,,

Ona kilichofanyika, ID ya ndani iko mwanzo pale kwenye sourcedId, namba ya usajili imewekwa kwenye identifier ambako mikwaju haimuumizi mtu, na jina la baba limepata chumba chake cha middleName badala ya kubanwa kwenye la mwisho. Na enrollments:

e-55102,,,kl-anat-1a,chuo-01,u-8f3a21,student,,,

Zile nafasi mbili tupu baada ya sourcedId ni status na dateLastModified. Kwenye manifest unasema kila faili ni bulk au delta. Bulk ni orodha yote nzima kila mara, delta ni mabadiliko tu, na ukitumia delta ndo lazima uzijaze, mtu anayetoka unamwandikia tobedeleted. Kaa na bulk mpaka mambo yatulie. Delta ikikosa faili moja tu katikati mifumo inaachana taratibu na hakuna anayejua, mpaka mtu aone ana wanafunzi ambao walishahama.

Mafaili yote yawe UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi inayobeba alama zote) na yatoke moja kwa moja kwenye databesi. Mtu asiyafungue kwenye Excel "kuangalia tu" afu akabonyeza hifadhi. Akitaka kuangalia atumie programu ya maandishi.

Sasa, Moodle yenyewe ukiisimika haisomi OneRoster, kuna plagini za watu wengine, lakini pia kuna njia rahisi ambayo naipenda zaidi kwa chuo kidogo. Moodle ina uwanja unaitwa ID number, kwa mtumiaji na kwa kozi. Weka zile sourcedId humo. Watu unawaingiza kwa faili la kupakia watumiaji, ambalo Moodle inalipokea hata kwa amri ya seva bila kubonyeza chochote, na safu zake ni username, firstname, lastname, email, idnumber. Afu washa njia ya uandikishaji inayoitwa "Flat file", hii inasoma faili la maandishi lenye mistari kama hii:

add, student, u-8f3a21, kl-anat-1a

Yaani skripti fupi tu inachukua enrollments.csv ya OneRoster inaigeuza kuwa mistari hiyo, kroni (kazi ya seva inayojiendesha kwa ratiba) inapita, watu wanaingia darasani. Kumbuka flat file inaongeza na kutoa, haijui orodha nzima, kwahiyo skripti yako ilinganishe orodha ya leo na ya jana, aliyetoka imwandikie del badala ya add. Na Moodle ikimaliza kulisoma faili hilo inalifuta, basi weka nakala yenye tarehe pembeni, siku mwanafunzi akija kulalamika hakuwemo darasani utakuwa na cha kumuonyesha.

Suala la imeili: Moodle inataka kila mtu awe na imeili na isifanane na ya mwingine. Wanafunzi wengi hawana au wameisahau. Watengenezeeni za chuo, hata kama hazifunguliwi, kuliko kuruhusu mtu aweke ya rafiki yake.

LTI 1.3, hapa twende polepole

Kuna LTI za zamani, 1.0 na 1.1, zinatumia funguo na siri iliyoandikwa pande zote mbili. Ukikuta zana inakuomba "consumer key" na "shared secret" hiyo ni ya zamani, waulize kama wana 1.3, iliyotoka 2019. Tofauti ni kubwa, 1.3 haipeani siri, kila upande una funguo yake ya binafsi inayokaa kwake na inayotolewa hadharani ni ile ya umma tu, inakaa kwenye anwani ya wavuti na mwenzie anaisoma hapo.

Kinachotokea mwanafunzi akibonyeza linki ni hiki. Moodle inampeleka kwenye anwani ya kuanzia ya zana ikisema "nina mtu hapa natoka Moodle fulani". Zana inamrudisha Moodle ikisema "haya nithibitishie, na hii ni namba ya mara moja niliyoitunga sasa hivi". Moodle inaangalia kama mtu kalogin kweli, inaandika tokeni yenye taarifa zake, inaitia saini kwa funguo yake, inampeleka tena kwenye zana. Zana inasoma funguo ya umma ya Moodle, inahakiki saini, inaangalia ile namba ya mara moja ni ileile, inamfungulia. Mwanafunzi anaona ukurasa umefunguka tu. Ukiielewa safari hii ya kwenda na kurudi, makosa mengi utayasoma mwenyewe.

Kusimika: ingia kama adimini, nenda "Site administration", "Plugins", chini ya "Activity modules" tafuta "External tool" afu "Manage tools", chagua "configure a tool manually". Andika jina, weka "Tool URL" uliyopewa na wenye zana, kwenye "LTI version" chagua LTI 1.3, "Public key type" chagua "Keyset URL" na ubandike anwani yao ya funguo, afu jaza "Initiate login URL" na "Redirection URI(s)". Usichague kubandika funguo yenyewe kama wana anwani, maana siku wakibadilisha funguo muunganisho utakufa na utaitwa usiku.

Hifadhi. Kwenye kadi ya zana bonyeza kialama cha kuona maelezo ya usanidi, utapata vitu sita: Platform ID, Client ID, Deployment ID, na anwani tatu za funguo, tokeni na uthibitisho. Hivyo vyote sita unawapa wenye zana waviweke kwao. Kosa la kawaida kabisa ni Platform ID, wanaweka na mkwaju mwishoni au http badala ya https, na hapo haifanyi kazi maana inalinganishwa herufi kwa herufi. Chuo kikihamisha Moodle kwenda anwani mpya, Platform ID inabadilika pia na zana zote inabidi zisajiliwe upya, lipangeni hilo kabla.

Kwenye sehemu ya "Services" washa "Assignment and Grade Services" ili maksi zirudi, na "Names and Role Provisioning" kama zana inahitaji orodha ya darasa. Kwenye "Privacy" jiulize kwa kila kitu, hii zana inahitaji jina kweli? Inahitaji imeili? Kama haihitaji zima. Inaweza kufanya kazi na namba tu.

Na hapa ndo ile ID yetu inatokea tena. Ndani ya tokeni kuna kitu kinaitwa sub, ndo utambulisho wa mtumiaji, na Moodle inaweka pale namba yake yenyewe ya ndani, mfano 57, siyo u-8f3a21. Ile u-8f3a21 inakuja sehemu nyingine, ndani ya taarifa za lis kwenye person_sourcedid, kama ulijaza ID number. Waambie wenye zana wahifadhi zote mbili. Ya sub wataitumia kurudisha maksi, person_sourcedid itawasaidia siku mkijenga Moodle mpya ambako yule 57 atakuwa mtu mwingine kabisa.

Kabla hujawasumbua wenye zana, jaribu na saLTIre, hii ni tovuti ya bure ya kupima LTI, inajifanya zana au inajifanya Moodle, na inakuonyesha kila kilichotumwa. Isajili kama zana ya nje, bonyeza linki, soma kilichomo kwenye tokeni. Kama kwa saLTIre inakubali na kwa wenye zana inakataa, unajua tatizo liko wapi na mnaacha kurushiana mpira.

Maksi kurudi

Zana inaomba tokeni ya huduma kwa Moodle, afu inatuma kitu kama hiki:

{"userId": "57", "scoreGiven": 31, "scoreMaximum": 40, "activityProgress": "Completed", "gradingProgress": "FullyGraded", "timestamp": "2025-03-14T09:20:05.120+03:00"}

Mambo matatu hapa yanawatoa watu jasho. La kwanza, scoreMaximum. Zana ikituma 31 juu ya 40 na safu ya Moodle ni juu ya 100, Moodle inapiga hesabu inaandika 77.5, na hiyo ni sahihi, lakini mkufunzi aliyezoea CA ya 40 anashtuka anaanza kurekebisha kwa mkono. Kubalianeni safu ni juu ya ngapi tangu mwanzo. La pili, gradingProgress isipokuwa FullyGraded kiwango kinaruhusu mfumo unaopokea uiache, kwahiyo zana ikituma Pending ukadhani maksi zimepotea, hazijapotea, zinasubiri mkufunzi asahihishe swali la maelezo upande wa pili. La tatu ni muda. Maksi yenye muda wa zamani kuliko iliyopo haiandikwi juu yake, sasa zana ikituma saa ya kwetu bila kusema ni +03:00, masaa matatu yanaruka, na maksi ya marudio inaweza kukataliwa kwa kuwa inaonekana imetangulia ile ya kwanza. Hilohilo linaharibu mwisho wa kukusanya kazi, saa 5:59 usiku ya Dar au Nairobi ni 20:59 kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), zana isiyojua inawafungia watoto mlango mapema au inauacha wazi hadi alfajiri.

Na kama mna madevelopa wanaojenga zana yenu wenyewe waambieni hili mapema: anwani ya safu ya maksi kwenye Moodle mwishoni ina alama ya kuuliza na type_id. Kutuma maksi unaongeza /scores, lakini inaingia kabla ya alama ya kuuliza, siyo mwisho kabisa. Wakiunga tu mwishoni watapata kosa na watasema Moodle mbovu.

Ikigoma

Ukurasa ukifunguka mweupe au unazunguka kulogin bila kuisha, cha kwanza shuku kuki (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti inaziweka kwenye brauza). Zana ikiwa imewekwa ndani ya ukurasa wa Moodle, brauza inaiona kama mgeni. Chrome ilibana kuki za wageni zisizo na alama ya SameSite=None mwaka 2020, Safari mwaka huohuo ikazizuia kabisa. Suluhisho la haraka ni kwenye mipangilio ya zana, "Default launch container" chagua "New window". Mimi naweka hivyo tangu mwanzo, na kwenye simu ndogo pia inasomeka vizuri zaidi.

Ikisema tokeni imekwisha muda wakati mtu kabonyeza sasa hivi, angalia saa ya seva. Tokeni ya Moodle ya kufungulia inaishi sekunde 60 tu, seva ya zana ikiwa mbele ya ile ya Moodle dakika mbili basi kila tokeni inazaliwa imekufa. Seva za vyuoni zinazozimika umeme ukikatika ndo zina hii shida sana, washa NTP, huduma ya kulinganisha saa ya seva kupitia mtandao.

Ikikubali kwa mkufunzi na kukataa kwa mwanafunzi, ni nafasi. Soma roles kwenye tokeni, mara nyingi zana inajua Instructor na Learner tu na nyie mmejitungia nafasi yenu mpya kwenye Moodle.

xAPI, kama mnaihitaji kweli

Ukitaka kujua wanafunzi wanafanya nini kati ya mwanzo wa somo na maksi, hapo ndo xAPI. Kila tukio ni sentensi, mtendaji, kitenzi, kitendwa, inatumwa kwenye hifadhi inaitwa LRS. Kuna za bure za kusimika mwenyewe, SQL LRS mojawapo, na kuna plagini ya Moodle inaitwa Logstore xAPI inayotuma matukio yenyewe. Toleo la 1.0 lilitoka 2013 na mwaka 2023 IEEE (shirika la wahandisi linaloweka viwango) wakaipitisha kuwa kiwango chao rasmi.

Mtendaji usimweke kwa imeili, tumia account:

"actor": {"account": {"homePage": "https://usajili.chuo.example", "name": "u-8f3a21"}}

ID ileile. Na kwa mazingira yetu xAPI ina kitu kizuri sana, sentensi inaweza kukaa kwenye simu bila bando, ikiwa na muda wake halisi na namba yake ya kipekee, ikipata mtandao inatumwa, na hata mtandao ukikatika katikati ikatumwa tena LRS haiiandiki mara mbili kwa sababu namba ni ileile. Kwa mwanafunzi anayesomea kijijini likizo hiyo ni tofauti kubwa.

Ila usikusanye kwa kuwa inawezekana. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na kumbukumbu za nani kasoma saa ngapi ni taarifa binafsi. Andikeni mnakusanya nini, kwa sababu gani, mtafuta lini, na kama seva ya zana iko nje ya nchi mtu wa sheria alione hilo kabla ya mkataba.

Na mkataba wenyewe

Mwenye zana akisema "tunasapoti LTI" muulize toleo gani na huduma zipi, maana wengine wana kufungua tu, maksi hazirudi. 1EdTech wana orodha ya wazi ya bidhaa zilizopimwa, zitafute humo. Kama hawamo siyo lazima wawe wabaya, lakini waombe wakuonyeshe kwa saLTIre mbele yako, mwanafunzi anafungua na maksi inarudi, muda wenyewe ni nusu saa. Afu kwenye mkataba, wa zana na hasa wa mfumo wa usajili, kiwekwe kipengele kwamba chuo kinaweza kutoa data yake yote kwa mafaili ya OneRoster wakati wowote bila malipo ya ziada, na mkataba ukiisha data itolewe hivyo kabla seva haijazimwa. Lijaribuni siku ya kupokea mfumo, malipo ya mwisho yakiwa bado hayajatoka.